Michango ya Harusi Bila Ugomvi: Mwongozo Kamili wa Kuendesha Kamati kwa Zana za Bure za Mtandaoni

Kamati ya harusi hushika fedha nyingi kwa muda mfupi, na mara nyingi hushikwa na watu ambao hawajawahi kufanya kazi pamoja. Michango inaingia kwa M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money, benki na mkono kwa mkono. Kumbukumbu zake huwa ni ile orodha ya kundi la WhatsApp: mtu akilipa, anainakili, anaweka alama ya vema mbele ya jina lake, anaibandika tena. Wawili wakifanya hivyo dakika moja, alama ya mmoja inafutika. Wiki mbili baadaye anapigiwa simu ya kukumbushwa ahadi aliyokwisha kuilipa, na hapo ndipo maneno yanapoanza. Mhazini anatajwa vibaya kwa kosa ambalo si lake.

Dawa yake haihitaji programu ya kununua. Jedwali moja la Google Sheets, fomu moja, folda moja ya risiti na akaunti ya kawaida ya Gmail vinatosha, na vyote ni vya bure. Akaunti moja ya Google inakuja na nafasi ya GB 15, na kumbukumbu za kamati hazitafika hata sehemu ndogo ya hapo. Mpango ninaouelekeza hapa unasimama juu ya jambo moja: kila shilingi iandikwe mara moja tu, mahali pamoja, na kamati nzima iione tangu siku ya kwanza. Ukilishika hilo, mengine ni ufundi wa vidole tu.

Kazi ya kutengeneza ifanye kwenye kompyuta, hata kama ni ya kuazima au ya intaneti kafe (ukimaliza, hakikisha umetoka kwenye akaunti yako). Simu itatosha kwa kazi za kila siku za kuingiza malipo na kusoma.

Hatua ya 1: Fungua akaunti ya kamati

Usitumie Gmail yako binafsi. Fungua akaunti mpya kwa ajili ya shughuli hii, na nywila yake waijue watu wawili, yaani katibu na mwenyekiti. Sababu ni rahisi: katibu akiugua, akisafiri au akipoteza simu, kazi isisimame. Kwenye mipangilio ya usalama, weka namba ya simu ya mmoja na barua pepe ya mwingine kwa ajili ya kurejesha akaunti.

Ingia kwenye Google Drive, tengeneza folda moja yenye jina la harusi, na ndani yake anzisha jedwali jipya. Kabla hujaandika chochote, fungua menyu ya kwanza juu kushoto, nenda kwenye mipangilio ya faili, na pale pa kuchagua nchi weka Uingereza. Hatua hii wengi huiruka, kisha inawasumbua. Jedwali likiwa kwenye mpangilio wa Marekani, ukiandika 03/04 litasoma Machi tarehe 4, wakati wewe ulimaanisha tarehe 3 Aprili, na mpangilio wa malipo yako kwa tarehe utavurugika bila wewe kujua. Kwa mpangilio wa Uingereza, siku inatangulia mwezi kama tulivyozoea.

Hatua ya 2: Ukurasa wa Ahadi

Jedwali litaanza na kurasa tatu, ambazo majina yake yanaonekana chini kabisa ya skrini. Wa kwanza uite Ahadi. Mstari wa juu uwe na vichwa hivi, kuanzia safu A hadi H: Namba, Jina, Simu, Upande, Mfuatiliaji, Ahadi, Amelipa, Salio.

Namba ndiyo roho ya ukurasa huu. Kila mchangiaji apewe namba yake, 1, 2, 3 na kuendelea, na namba hiyo isibadilike hata jina likifutwa. Majina hayaaminiki kwa kazi hii. Kwenye orodha yoyote ya watu mia utakuta Mama Neema wawili na akina Juma wanne, na mmoja wao atakuwa ametuma fedha kwa laini iliyosajiliwa kwa jina la mkewe.

Safu ya simu inahitaji uangalizi. Ukiandika 0712 na tarakimu zinazofuata, jedwali litadhani ni hesabu na litaitupa sifuri ya mwanzo. Kwa hiyo, kabla ya kuandika namba yoyote, chagua safu nzima ya C, nenda kwenye menyu ya muundo wa namba, uchague maandishi ya kawaida. Andika namba za Tanzania zikianza na sifuri, bila nafasi katikati. Ndugu walio Muscat, Nairobi au London waandikie namba kamili inayoanza na msimbo wa nchi, 968, 254 au 44, bila alama ya kujumlisha. Tofauti hii utaiona faida yake kwenye hatua ya 5.

Upande ni wa bwana harusi au wa bibi harusi. Mfuatiliaji ni mjumbe wa kamati anayemfahamu mchangiaji huyo na atakayemkumbusha. Usimwache mchangiaji hata mmoja bila mfuatiliaji, maana ahadi isiyo na mtu wa kuifuatilia mara nyingi hailipwi.

Safu za G na H usizijaze kwa mkono hata siku moja. Kwenye G2 andika:

=SUMIF(Malipo!B:B,A2,Malipo!D:D)

Na kwenye H2:

=F2-G2

Kisha shika kile kialama kidogo kwenye kona ya chini kulia ya seli na ukivute hadi mwisho wa orodha. Fomula ya kwanza inakwenda kwenye ukurasa wa malipo, inatafuta kila mstari wenye namba ya mchangiaji huyu, na kujumlisha alicholeta. Aliyeahidi 100,000, akaleta 20,000 mwezi wa kwanza na 40,000 mwezi wa pili, ataonekana amelipa 60,000 na salio lake 40,000. Hakuna atakayekaa na kikokotoo. Kwa sasa fomula italeta kosa kwa sababu ukurasa wa Malipo haujatengenezwa. Usijali, ukishautengeneza na kosa likabaki, gusa seli na ubonyeze Enter tena.

Hatua ya 3: Ukurasa wa Malipo

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, maana ugomvi wote wa kamati huzaliwa hapa.

Ukurasa wa pili uite Malipo, na vichwa vyake viwe: Tarehe, Namba, Jina kama lilivyo kwenye ujumbe, Kiasi, Njia, Namba ya muamala, Aliyeingiza. Kila fedha inayoingia inapata mstari wake mpya. Mtu akilipa kwa awamu tatu, ana mistari mitatu. Usirudi kubadilisha kiasi cha zamani ili kuongeza kipya. Ukifanya hivyo umefuta historia, na siku akisema "nilituma mara mbili" hutakuwa na cha kumwonyesha.

Namba ya muamala ndiyo ushahidi. Kila ujumbe wa fedha kwa simu unakuja na namba yake isiyojirudia, basi inakili yote bila kupunguza herufi. Fedha taslimu iandikiwe namba ya risiti ya kitabu cha mkono. Kitabu cha risiti cha dukani chenye nakala bado kinafaa sana, na wazee wanakiheshimu kuliko ujumbe wa simu.

Sasa weka ulinzi dhidi ya kuandika malipo mara mbili. Chagua safu ya F kuanzia F2, fungua menyu ya muundo, nenda kwenye muundo wenye masharti, chagua fomula maalumu, uandike:

=COUNTIF($F$2:$F,$F2)>1

Chagua rangi nyekundu. Kuanzia hapo, namba ya muamala ikiandikwa mara mbili, seli zote mbili zinawaka nyekundu papo hapo. Hili hutokea mara nyingi: mchangiaji anampelekea mwenyekiti picha ya muamala, naye anaingiza, wakati katibu ameshaingiza kutoka kwenye ujumbe wa mhazini.

Hapa nina msimamo ambao nitauomba kila kamati iufuate: anayepokea fedha asiwe ndiye anayeziandika. Mhazini apokee, kisha apeleke ujumbe wa muamala kwa katibu, naye katibu aingize kwenye jedwali siku hiyohiyo. Huko si kumshuku mhazini. Ni kumlinda, kwa kuwa siku likitokea swali, kuna watu wawili na maandishi mawili yanayosema kitu kimoja.

Ili mpango huu usibaki maneno matupu, funga kurasa. Bonyeza jina la ukurasa wa Malipo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua kulinda ukurasa, na uwataje wanaoruhusiwa kuhariri, yaani katibu na msaidizi wake. Halafu gusa kitufe cha kushiriki kilicho juu kulia. Wajumbe wa kamati wapewe ruhusa ya kusoma kwa barua pepe zao. Usichague ile ruhusa ya "yeyote mwenye kiungo" kwa kiwango cha kuhariri. Kiungo kikifika kwenye kundi la watu 200, mtoto anayechezea simu ya baba yake anaweza kufuta kazi ya miezi miwili.

Hata likitokea la kutokea, Google Sheets inatunza historia ya mabadiliko. Kwenye menyu ya faili kuna historia ya matoleo, inayoonyesha nani alibadilisha nini na saa ngapi, na unaweza kurudisha jedwali lilivyokuwa jana. Kwenye kompyuta unaweza pia kubonyeza seli moja kwa kitufe cha kulia na kuona nani aliigusa mara ya mwisho. Waambie wajumbe wote jambo hili kwenye kikao cha kwanza.

Hatua ya 4: Ukurasa wa Matumizi na kulinganisha fedha

Ukurasa wa tatu uite Matumizi: Tarehe, Kipengele, Bajeti, Bei ya makubaliano, Kilicholipwa, Risiti. Ukumbi, chakula, vinywaji, mapambo, keki, mshereheshaji, muziki, picha na video, usafiri. Kila malipo yawe na mstari wake hapa pia. Bajeti na bei ya makubaliano ziandike kwenye mstari wa kwanza wa kipengele tu, zisije zikajumlishwa mara mbili. Kipengele ambacho kamati nyingi hukisahau ni makato ya mitandao. Kutoa fedha kwa wakala na kuhamisha kwenda benki kunagharimu, na makato yasipoandikwa, hesabu inapungua kidogo kidogo hadi mwisho inaonekana kama wizi. Kila kato lipewe mstari wake.

Pembeni mwa ukurasa huu, safu ya I, weka hesabu tatu, kila moja kwenye seli yake:

=SUM(Malipo!D2:D)

=SUM(Malipo!D2:D)-SUM(E2:E)

=SUM(Malipo!D2:D)-SUM(Ahadi!G2:G)

Ya kwanza ni jumla iliyoingia. Ya pili ni fedha inayopaswa kuwapo mkononi leo. Kila kikao, mhazini asome salio la simu, la benki na taslimu, na jumla yake ilingane na seli hiyo. Isipolingana, msifunge kikao kabla ya kujua kwa nini. Tofauti ya wiki moja inatafutika, ya miezi mitatu haitafutiki. Ya tatu inapaswa kuwa sifuri wakati wote. Ikionyesha namba nyingine, kuna malipo yaliyoingizwa kwa namba ya mchangiaji ambayo haipo kwenye Ahadi, au namba moja imepewa watu wawili.

Risiti zipige picha kwa programu ya Google Drive ya simu. Gusa alama ya kujumlisha, chagua kuskani, na karatasi inageuka kuwa faili safi la PDF ndani ya folda ya kamati. Nakili kiungo chake ukibandike kwenye safu ya Risiti. Risiti za EFD (zile za mashine ya kodi) zifanyie haraka, maana maandishi yake yanafifia.

Hatua ya 5: Kukumbusha bila kuudhi

Tengeneza ukurasa kwa kila mfuatiliaji, upe jina lake, na mstari wa kwanza uwe na vichwa vilevile vya Ahadi. Tuseme mfuatiliaji anaitwa Rehema. Kwenye A2 ya ukurasa wake andika:

=FILTER(Ahadi!A2:H,Ahadi!E2:E="Rehema",Ahadi!H2:H>0)

Wataonekana watu wake tu, na ni wale wenye salio. Mtu akimaliza kulipa, anatoka kwenye orodha mwenyewe, kwa hiyo hakuna tena kumdai aliyelipa. Sasa kwenye I2 weka fomula hii:

=HYPERLINK("https://wa.me/"&IF(LEFT(C2,1)="0","255"&MID(C2,2,9),C2)&"?text="&ENCODEURL("Habari "&B2&", kamati inakushukuru kwa ahadi yako. Salio ni sh. "&TEXT(H2,"#,##0")&". Karibu sana."),"Tuma")

Ivute chini. Rehema akigusa neno Tuma kwenye simu yake, WhatsApp inafunguka kwa mchangiaji huyo na ujumbe umeshaandikwa, wenye jina lake na salio lake sahihi. Anausoma, anaongeza neno lake mwenyewe, anatuma. Sehemu ya IF ndiyo inayotenganisha namba za nyumbani na za nje: inayoanza na sifuri inageuzwa kuwa 255, nyingine inaachwa ilivyo. Ndiyo maana pia kwenye safu ya Jina nashauri uandike watu kama wanavyoitwa: Mama Neema, Mjomba Salum, Mwalimu Kessy.

Kila mfuatiliaji atume kwa watu wake mwenyewe, kwa simu yake. Namba moja ikituma ujumbe unaofanana kwa watu wengi wasioihifadhi, WhatsApp inaweza kuifungia. Orodha ya matangazo nayo ina mipaka: inabeba watu 256, na asiyekuwa na namba yako kwenye simu yake hapati ujumbe kabisa.

Wazee wasikumbushwe kwa ujumbe. Shangazi, baba wadogo, jirani aliyemlea bibi harusi, hao wapigiwe simu, wapewe shikamoo yao, waulizwe hali, na mchango utajwe mwishoni kama utatajwa. Jedwali linakusaidia kujua nani wa kupigiwa tu.

Kuhusu kutangaza majina kwenye kundi kubwa, maoni yangu ni kwamba muwashukuru waliolipa na msiwaanike ambao bado. Kuna aliyefukuzwa kazi wiki iliyopita na hajamwambia mtu.

Hatua ya 6: Fomu ya ahadi

Google Forms inapunguza kazi ya kukusanya majina. Maswali manne yanatosha: jina, simu, upande, kiasi cha ahadi. Usiweke swali la kupakia faili, kwa sababu litamlazimisha mchangiaji kuingia kwenye akaunti ya Google, na wengi wataishia hapo. Majibu yaelekeze kwenye jedwali, ambako yatakaa kwenye ukurasa wake; katibu anayahamishia Ahadi akiwa ameyakagua na kuyapa namba.

Juu ya fomu andika namba ya kupokelea michango na jina la usajili linalotokea mtu akituma. Andika pia wazi kwamba namba hiyo haitabadilishwa kwa ujumbe wa WhatsApp. Matapeli hujipenyeza kwenye makundi ya michango na kuandika "namba ile ina tatizo, tumieni hii". Onyo likiwa limeandikwa mapema, ujumbe wao haushiki.

Hatua ya 7: Kadi, ramani na mlangoni

Kadi ya mwaliko inatengenezeka kwa Canva bila malipo, mradi uchague vielelezo visivyo na alama ya kulipia. Kwenye kadi weka namba ileile ya mchangiaji na kama ni singo au dabo. Ukumbi uelekeze kwa Google Maps: shikilia kidole juu ya jengo hadi alama nyekundu itokee, kisha nakili kiungo. Utaona pia Plus Code, msimbo mfupi wa herufi na tarakimu wenye alama ya kujumlisha, ambao unafanya kazi hata mahali ambapo mtaa hauna jina. Ukiusoma kwa simu kwa dereva wa bodaboda pamoja na jina la mji, ataupata.

Ukitaka msimbo wa QR wa ramani, utengeneze ndani ya Canva au kwa menyu ya kushiriki ya kivinjari cha Chrome ukiwa umefungua ramani. Kuwa mwangalifu na tovuti za QR za "bure" zinazokutaka ufungue akaunti. Baadhi yake hupitisha kiungo chako kwao, na muda wa majaribio ukiisha, msimbo unakufa, kadi zikiwa zimeshachapwa.

Kwa mlangoni, tengeneza faili jingine lenye namba, jina na aina ya kadi tu, uweke safu ya visanduku vya vema kutoka menyu ya kuingiza. Wapokeaji wawili wenye simu wanaona orodha moja. Mmoja akiweka vema, mwingine anaiona, na kadi iliyopigwa picha ikatumiwa rafiki haiingii mara ya pili. Washa matumizi bila intaneti kwenye programu ya simu kabla ya siku, ingawa vema hazitawafikia wote hadi mtandao urudi, na chapa nakala moja ya karatasi.

Hatua ya 8: Kufunga hesabu

Katika wiki inayofuata harusi, pakua jedwali kama faili la Excel na kama PDF, muwape wazazi wa pande zote mbili pamoja na folda ya risiti. Kikao cha kuvunja kamati kisome seli ileile ya fedha mkononi, na salio lipelekwe mlikokubaliana.

Namba za simu za watu si mali ya kamati. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina ya kwake ya 2019. Mchangiaji alitoa namba yake kwa ajili ya harusi hii. Kuipeleka kwa mfanyabiashara au kwenye kamati nyingine ni kumvunjia heshima. Ondoa ruhusa za wajumbe wote, funga fomu isipokee majibu mapya, futa safu ya simu na kurasa za wafuatiliaji, futa majibu yaliyobaki ndani ya fomu na kwenye ukurasa wake, kisha bwana na bibi harusi wakabidhiwe nywila ya akaunti. Orodha ya Ahadi wataihitaji wao wenyewe, mwaliko wa mmoja wa watu hao utakapofika na wao kutakiwa kuchangia.